Marehemu Fumo Shangama Miongoni mwa Wasiohesabiwa

Wapo watu wanaodai kwamba nchi ninayotaka kuieleza haikuwa na haki. Huo ni uzushi. Ilikuwa na haki nyingi mno, kila tabaka lilikuwa na zake, zimeandikwa kwa wino mweusi na kugongwa muhuri. Kilichokatazwa ni kuzichanganya tu.

Juu kabisa aliketi Mtakatifu wa Kiti, ambaye alikuwa mtakatifu kiasi kwamba hakuruhusiwa kufanya jambo lolote, wala kutoka nje, wala kuelezwa yanayotokea. Amiri Mkuu alitawala kwa niaba yake bila kumsumbua kwa maswali. Chini ya Amiri walikuwapo mafumo, yaani watawala wa mabonde, kila mmoja na bonde lake na ngome yake. Chini ya mafumo walikuwapo Wenye Panga Mbili, ambao kazi yao ilikuwa vita. Vita vya mwisho vilipiganwa miaka mia na themanini iliyopita, lakini wao waliendelea kuvisubiri kwa uaminifu, na kwa kuwa kusubiri kunachosha, walilishwa vizuri. Kisha walikuja wakulima. Sheria iliwaheshimu sana wakulima kwa sababu ndio waliolima mpunga, na ilidhaniwa kwamba heshima hiyo inashibisha, maana wali wenyewe hawakuruhusiwa kuula. Baada yao mafundi, na mwisho wachuuzi, ambao sheria iliwadharau vibaya sana, nao walivumilia dharau hiyo ndani ya nyumba za ghorofa mbili.

Hapo orodha iliishia. Walikuwapo watu wengine, wale waliochuna mizoga, waliotengeneza ngozi na kuzika maiti, lakini hao hawakuwa chini ya orodha. Walikuwa nje ya karatasi. Waliitwa Wasiohesabiwa. Barabara kuu ya bonde ilipopita katika kijiji chao, mawe ya maili yalikoma upande huu na kuendelea upande wa pili, na namba zilifuatana kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Msafiri aliyepita pale alitembea robo saa nzima bila kwenda popote.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Siwatu, mjane wa miaka thelathini na tano, pamoja na baba yake, mzee Bahero, ambaye macho yake yalikuwa yameharibiwa na majimaji ya kulowekea ngozi. Siwatu alipara ngozi kwa ustadi uliojulikana bonde zima, ingawa haikuruhusiwa kujua kwamba ni yeye. Ngozi zake ndizo zilizofunika mipini ya panga za mabwana, ndizo zilizolala migongoni mwa farasi wao na kugusa mapaja yao kutwa nzima. Hilo halikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kumgusa aliyezitengeneza.

*

Kila mwaka wa pili, Fumo Shangama, mtawala wa bonde lile, alikwenda mji mkuu kumsujudia Amiri. Alikwenda na watu mia sita, kwa sababu mtu wa hadhi yake akienda na mia tano ingeonekana kama anatoroka. Mwaka ule mvua zilivunja daraja. Karani Mkuu, Bwana Makarama, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole na kumbukumbu mbaya kwa kila kitu isipokuwa sheria, akashauri wavuke mto pale chini, penye kina kifupi, katika kijiji cha Wasiohesabiwa.

"Lakini pale ni pachafu," alisema Fumo kutoka ndani ya machela.

"Pale si mahali, Mtukufu," alijibu Makarama. "Hatutachafuka kwa kupita mahali pasipokuwapo."

Wanakijiji wakaamriwa waondoke hatua mia mbili, wakapige magoti kwenye matete upande wa chini wa mto, nyuso zikiwa ardhini. Wakaenda. Siwatu alimshika baba yake mkono akampigisha magoti penye mchanga laini, kisha naye akapiga yake.

Wabeba machela waliingia majini kwenye mawe ambayo wanakijiji huoshea ngozi. Mawe hayo yana mafuta ya miaka mia moja. Wa kwanza aliteleza, wa pili akamfuata, machela ikapinduka, na Fumo Shangama akaingia mtoni akiwa amevaa kanzu saba na joho la hariri lenye nyuzi za shaba.

Watu mia sita walisimama ukingoni wakitazama. Sidhani kwamba ilikuwa roho mbaya. Fumo angeweza kuguswa na fumo mwenziwe tu, na fumo wa karibu alikuwa mwendo wa siku tatu. Mkuu wa Walinzi aliuliza kama upanga ukiwa ndani ya ala unahesabiwa kuwa mkono. Makarama akafungua kitabu na kuanza kutafuta, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka. Fumo aliibuka mara mbili. Mara ya pili alisema kitu, lakini hakikuwa katika lugha rasmi, kwa hiyo hakikuandikwa.

Mto ukamchukua hadi kwenye matete.

Siwatu alisikia maji yakipigwapigwa mbele yake. Kwa maisha yake yote alikuwa amevuta vitu vizito kutoka katika mto ule, na mikono yake ilifanya kazi kabla kichwa hakijauliza. Aliinuka, akachukua upembo wa kuvutia ngozi, akaunasa kwenye joho la hariri, na joho lilipochanika akaingia majini hadi kifuani akamkamata Fumo kwa shungi la nywele. Akamburuta hadi nchi kavu. Akamlaza kifudifudi juu ya gogo la kuparia ngozi, akamkandamiza mgongo hadi maji yakamtoka puani na mdomoni.

Fumo akakohoa. Akamshika Siwatu mkono kwa nguvu na kusema, "Mama."

"Mimi si mama yako, Bwana," alisema Siwatu. "Kunywa hiki."

Akampa uji wa mtama katika kata yake mwenyewe, na Fumo Shangama akaunywa wote.

*

Kikao kiliitishwa palepale ukingoni. Makarama alihesabu makosa kwa vidole: mwanamke alikuwa amesimama mbele ya Fumo, amemtazama usoni, amemgusa, amemvuta nywele, amesema naye, na amemnywesha kwa chombo chake. Lingekuwa kosa moja, angekatwa kichwa na mambo yakaisha. Tatizo lilikuwa kile chombo. Kitabu hakikuwa na dawa ya kumtakasa fumo aliyekula na Wasiohesabiwa. Kilichosemwa humo ni kwamba maofisa wote walioacha jambo hilo litokee wajipasue matumbo yao, kwa heshima, mbele ya mashahidi.

Maofisa walikuwa kumi na sita. Wenye Panga Mbili walikuwa wamesubiri miaka mia na themanini ili wafe kwa ushujaa, na sasa nafasi ilipowajia ghafla, kila mmoja alikumbuka shughuli aliyoiacha nyumbani.

"Kuna kifungu kingine," alisema Makarama polepole. "Wasiohesabiwa wanaruhusiwa kugusa maiti. Wanalazimika, kwa kweli."

"Lakini hakufa," alisema Mkuu wa Walinzi.

"Hilo ni swali la kitabibu."

Tabibu akaitwa. Naye hakuruhusiwa kumgusa Fumo, hivyo alitumia uzi wa hariri. Fumo alijifunga mwenyewe ncha moja mkononi huku akitetemeka kwa baridi, na tabibu akashika ncha ya pili nyuma ya pazia. Alisikiliza mapigo kwa muda mrefu. Kisha alizitazama nyuso kumi na sita za maofisa, na nyuso hizo zilikuwa na mapigo yenye nguvu zaidi.

"Amefariki majini," alisema. "Saa nne na robo."

"Umerukwa na akili?" alifoka Fumo. "Mimi hapa. Nazungumza."

Makarama aliinama mbele yake, akainama kwa usahihi kabisa, kiwango cha mwisho, paji la uso hadi kwenye majani. Kwa miaka ishirini alikuwa ameinama hivyo kila asubuhi. "Pole sana kwa msiba, Mtukufu," alisema. "Mrithi wako bado ananyonya, kwa hiyo nitamshikia kiti mimi. Bonde halitayumba."

"Nakuamuru."

"Maiti hawatoi amri. Ni sheria ya babu yako, Mtukufu, na wewe mwenyewe uliithibitisha pale ndugu za marehemu mkeo walipodai wosia wake utekelezwe."

Ilikuwa kweli.

Makarama akaandika hati, akagonga muhuri, akaiweka juu ya jiwe na kurudi nyuma, ili Siwatu aje kuichukua. Hati iliamuru kwamba mwili wa marehemu uzikwe kabla ya jua kuchwa, na kwamba usipozikwa, kijiji kichomwe moto pamoja na vilivyomo. Kisha mwili ukakabidhiwa, ukiwa unapiga kelele.

*

Kaya arobaini zilikusanyika kwenye uwanja wa kuanikia ngozi. Fumo alikaa katikati, amefungwa kamba mikononi, kanzu zake saba zinachuruzika. Alikuwa ameacha kupiga kelele kwa sababu hakuna aliyetingishika.

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Mashavu, mchunaji wa ng'ombe, mwanamke mnene mwenye mikono kama ya mwanamume. Mwanawe wa pekee aliuawa miaka minne iliyopita barabarani na Mwenye Panga Mbili aliyetaka kujaribu ukali wa upanga mpya. Upanga ulitakaswa kwa siku saba. Mtoto hakuandikwa popote.

"Mimi naona tumzike," alisema Bi Mashavu. "Si chuki. Tuna hati ya serikali. Maisha yangu yote sijawahi kupewa hati."

Watu wakaguna. Hakuna aliyecheka.

"Yu hai, Shangazi," alisema Siwatu.

"Hata mwanangu alikuwa hai."

Mzee Bahero, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kijiji kwa umri, alisema, "Aliyemtoa majini ndiye aamue. Sisi wengine tulikuwa tumeinamisha nyuso, hatukuona."

Siwatu akamsogelea Fumo na kuchuchumaa mbele yake. Alikuwa na hofu, lakini alisema kwa sauti ile ile anayoitumia kupatana na mchuuzi wa chumvi.

"Bwana, mambo ni mawili. Ukinyamaza, ukakaa nasi, ukapara ngozi kama sisi, tutazika kitu kingine. Ukitoka kwenda kujitangaza, watatuchoma sote. Kwa hiyo ukitaka kutoka, nitakuzika sasa hivi."

"Una haki gani wewe?"

"Ya kuzika. Ndiyo peke yake mliyotuachia."

Fumo alilitazama shimo, maana vijana walikuwa wamekwisha kulichimba. Udongo wake ulikuwa mwekundu na mbichi. "Nitapara," alisema.

Waliziviringisha zile kanzu saba kwenye mzoga wa farasi jike aliyekufa kwa kifafa juzi yake, wakamfunga kwa joho. Ofisa aliyetumwa kushuhudia alisimama hatua mia mbili mbali, leso puani, akaona watu kumi na wawili wakilemewa na mzigo. Akaandika katika taarifa yake kwamba marehemu alikuwa mzito, kama inavyostahili cheo chake. Bonde likaomboleza siku arobaini. Nasikia hadi leo kaburi lile huletewa maua.

*

Shangama alikuwa mparaji mbovu. Alitoboa ngozi nne katika wiki ya kwanza. Alilala kwenye kona ya nyumba ya Siwatu, ambayo ilikuwa na vyumba viwili, na aliomba Wasiohesabiwa wakae umbali unaostahili, jambo lililomlazimu mzee Bahero kulia chakula chake nje. Siwatu alilichukia hilo, lakini mzee alisema mgeni ni mgonjwa, aachwe azoee. Siwatu alimletea maji. Alimwekea uji. "Karibu, Bwana," alisema kila asubuhi, kwa kuwa hakujua neno jingine la kumwita mtu wa namna ile.

Mwezi wa tatu Shangama alimwendea Bi Mashavu akiwa kazini. Alisimama akimtazama anavyochana tumbo la maksai kwa mkato mmoja.

"Wewe unachuna ng'ombe tu?" aliuliza.

"Ng'ombe tu. Miaka thelathini."

"Na yule pale?"

"Yule ni wa farasi. Wale wa kule ni mbwa na paka."

"Basi inakuwaje mnachota maji mahali pamoja?"

Bi Mashavu alisimamisha kisu. Ninamwelewa. Miaka thelathini alikuwa amechuna ng'ombe, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba ng'ombe ni bora kuliko farasi. Alikwenda nyumbani akiwaza. Siku ya pili alichota maji kabla ya wenzake, na mchuna farasi alipouliza kwa nini, alimwambia amuulize Shangama.

Mambo yalikwenda kwa kasi baada ya hapo. Wachuna ng'ombe wakawa daraja la kwanza, wa farasi la pili, wa mbwa la tatu, waparaji la nne, wazikaji la tano, na waosha ngozi la sita. Shangama aliyaandika yote kwa mkaa ubaoni. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Yeye mwenyewe hakuwamo katika daraja lolote, alikuwa Mkuu wa Madaraja, na hiyo ilimwondolea kazi ya kupara. Kisu chake walimpa mtu mwingine. Wa daraja la kwanza walifurahi wazi, na wa pili walifurahi kwa sababu ya wa tatu. Hata wa tano walikuwa na mtu wa kumtazama kutoka juu.

Siku moja Siwatu alirudi kutoka mtoni na fungu la ngozi kichwani, akamkuta baba yake amepiga magoti njiani, uso ardhini. Bi Mashavu alikuwa anapita.

"Baba, kuna nini? Umeanguka?"

"Sikuanguka, mwanangu. Mimi ni mwosha ngozi. Daraja la sita."

"Inuka."

"Bora nina daraja," alisema mzee Bahero, bila kuinua uso. "Miaka sabini sikuwa nalo hata moja."

Siwatu alitua mzigo. Alimshika baba yake kwapani, akamsimamisha, akamkung'uta vumbi magotini. Bi Mashavu alikuwa amesimama akingoja.

"Siwatu, mwanangu," alisema, na hakusema kwa ukali, "ukinikuta njiani unainama. Nisingependa ulete taabu."

"Shangazi, wewe ulitaka kumzika."

"Zamani hizo sikuwa nimeelimika."

Siwatu hakuinama. Alibeba mzigo wake akampita.

*

Habari za madaraja zilimfikia Makarama kwa njia ya wachuuzi wa ngozi, naye akaja kujionea. Aliketi kwenye kigoda umbali wa hatua mia mbili. Mkuu wa Madaraja akatoka peke yake kwenda kumpokea, akasimama pale hasa panapotakiwa, akainama kiwango hasa kinachotakiwa. Watu wa Makarama waliduwaa. Wasiohesabiwa huwa hawajui kuinama, hujiangusha tu.

Makarama alimtazama kwa muda mrefu sana. Uso wa yule mtu ulikuwa umekonda, na ndevu zilikuwa zimeota.

"Umejifunza wapi kuinama hivyo?"

"Kwa kuwatazama walioniinamia, Mtukufu."

Mmoja angeweza kusema neno na mwingine akafa, na mwingine naye angeweza kusema neno na kumi na sita wakajipasua matumbo. Hakuna aliyesema. Walielewana, kama watu waliosoma kitabu kimoja.

"Kijiji kimestaarabika," alisema Makarama hatimaye. "Kihesabiwe."

Jiwe la maili likachongwa na kusimikwa katikati ya kijiji. Kwa sababu hiyo mawe yote kutoka pale hadi mji mkuu yalilazimika kubadilishwa namba, na wakulima waliifanya kazi hiyo miezi mitatu, kwa heshima yao. Shangama akapewa upanga. Ulikuwa mmoja, na mfupi, lakini alilia alipoupokea.

Hukumu yake ya kwanza ilimhusu Siwatu. Alisomewa shitaka uwanjani, mbele ya kaya zote zikiwa zimepangwa kwa madaraja: kwamba siku fulani, mtoni, akiwa wa daraja la nne, alimkamata Mkuu wa Madaraja kwa shungi la nywele.

"Hukuwa Mkuu wa Madaraja siku ile," alisema Siwatu. "Ulikuwa unazama."

"Shungi lilikuwa hili hili," alijibu Shangama.

Akaamriwa atoke kijijini na asikaribie chini ya hatua mia mbili. Hapakuwa na mtu aliyemtetea. Wengi walikuwa wema, walitazama miguu yao.

Mzee Bahero alimfuata, ingawa hakuamriwa. Njia nzima, akishika bega la binti yake, alilalamika kwamba alikuwa karibu kupandishwa hadi la tano. Walijenga kibanda cha matete ng'ambo ya kilima, palipo na kijito. Siwatu alichimba shimo jipya la kulowekea ngozi. Jioni ya siku ya tatu, wakila viazi, mzee alimuuliza kama anajuta kumtoa yule mtu majini.

"Hapana." Siwatu alimsogezea kiazi kingine. " Mtu akizama unamtoa. Nilikosea baadaye."

"Baadaye lini?"

"Nilipokuacha ulie chakula nje."

Mzee aliendelea kumenya kiazi chake kwa vidole, polepole, kama mtu anayekumbuka.

Baada ya miezi miwili Bi Mashavu alitokea kilimani na bunda kichwani, miguu imevimba kwa mwendo. Katika ukaguzi wa kwanza wa serikali ilionekana kwamba aliwahi kulalamika juu ya upanga wa bwana mmoja, na rekodi kama hiyo haifai daraja la kwanza, wala la pili, wala lolote. Alisimama mbali na kibanda, hatua nyingi, akihesabu kimoyomoyo mahali panapomstahili kusimama.

Mzee Bahero alikunja macho yake mabovu kuelekea sauti ya nyayo. "Ni Mashavu huyo?" alisema. "Muulize amekuja akiwa daraja la ngapi."

"Baba," alisema Siwatu. Alikuwa amekwisha kushika kata. "Muulize kama amekula."